Bei ni Shahidi, Hukumu ni Yetu

Je, serikali inayowahurumia maskini ina haki ya kuficha gharama ya huruma yake? Swali hili ni la maadili kabla halijawa la uchumi, na kwetu Tanzania lina jina na tarehe. Desemba 1979, Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha baada ya kushindwa kuelewana na Rais Julius Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiini cha ubishi wao kilikuwa thamani ya shilingi. Mtei aliona kwamba kiwango rasmi, kilichokuwa shilingi 8 na senti kidogo kwa dola moja, kilikuwa kimeachana na hali halisi, na kwamba kadiri nchi inavyochelewa kulikiri hilo ndivyo itakavyozidi kuumia. Mwalimu Nyerere aliona kwamba kushusha thamani ya shilingi kwa shinikizo la wageni ni kuwatwisha wakulima na wafanyakazi mzigo wa makosa yasiyo yao, tena ni kuukabidhi uhuru wa nchi kwa wasiochaguliwa na yeyote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akitetea tumbo lake. Kila mmoja aliamini kwamba anawatetea wanyonge, na ndiyo maana ubishi wao unastahili kutafakariwa upya na watu wa leo, hasa wale ambao maisha yao yanaamuliwa na bei kila kukicha.

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo. Mji huu uko milimani, karibu na Mto Songwe unaotutenganisha na Malawi, na kituo cha mpakani cha Isongole kinatazamana na upande wa Chitipa. Ukifuata barabara ya lami ya kutoka Isongole hadi Mpemba, takriban kilomita 50, unaiingia barabara kuu ya TANZAM, na Tunduma, lango la Zambia, haiko mbali tena. Wandali na Walambya wanaishi pande zote mbili za mto, wanaoana na kuzikana, na habari za bei ya debe la mahindi zinavuka maji pamoja na salamu. Mahali pa namna hii, bei iliyotungwa ofisini haina pa kujificha. Ikiwa imepangwa chini ya ile ya ng'ambo, mahindi yatavuka usiku. Ikiwa imepangwa juu, yatakuja ya wenzetu. Mkazi wa mpakani anajua kwa uzoefu jambo ambalo wataalamu wa miji mikubwa wamelijadili kwa miaka mingi: amri inaweza kubadili namba iliyoandikwa ukutani, lakini haiwezi kuongeza hata gunia moja ghalani.

Hoja yangu ni kwamba bei ni shahidi. Inatoa ushahidi wa mambo ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuyaona yote kwa pamoja: mvua iliyokosekana Momba, mafuta yaliyopanda bandarini Dar es Salaam, daraja lililosombwa, wanunuzi walioongezeka Lubumbashi. Mwaka 1945 mwanauchumi Friedrich Hayek alieleza kwamba ujuzi wa jamii umetawanyika vichwani mwa watu wengi, na kwamba bei ndiyo njia inayouwezesha kusafiri kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kupitia mezani kwa mkubwa. Kwa hiyo kumziba shahidi huyo mdomo ni kuidanganya jamii nzima kuhusu hali yake yenyewe. Lakini shahidi hatoi hukumu. Nani ale kwanza chakula kikiwa kidogo, nani asaidiwe, nani achangie zaidi: hayo ni maamuzi ya watu wenye dhamiri, na bei haina dhamiri. Mtei alikuwa sahihi kwamba ushahidi lazima usikilizwe. Mwalimu alikuwa sahihi kwamba hukumu haiwezi kuachiwa soko. Msiba wa nchi yetu ni kwamba kweli hizo mbili zilitenganishwa mwaka 1979, kila moja ikashika njia yake, na mpaka leo hatujazikutanisha sawasawa.

Maisha ya Mtei yenyewe yanaonyesha kwamba kuamini soko si lazima kuwe kuidharau serikali. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, na kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 2009 zinataja tangu kwenye jalada kwamba alianza kama mchunga mbuzi kabla ya kuwa gavana. Alisoma Makerere, akaingia utumishi wa umma, akafika kuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Juni 1966, akiwa na umri wa miaka 30 na ushei, akawa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, aliyepewa kazi ya kuisimamisha shilingi mpya ya taifa lililokuwa likijitoa katika sarafu ya pamoja ya Afrika Mashariki. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha la Februari 1967, na mabenki yakataifishwa, naye akaendelea kuitumikia taasisi aliyokabidhiwa. Mwaka 1974 akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, akashuhudia ikivunjika mwaka 1977, kisha akaitwa kuwa Waziri wa Fedha. Baada ya kujiuzulu alirudi kwenye kilimo cha kahawa mkoani Arusha. Katika miaka ya 1980 alihudumu Washington, katika Shirika la Fedha la Kimataifa, akiziwakilisha nchi za Afrika. Baadaye aliongoza tume ya rais iliyochunguza mapato, kodi na matumizi ya serikali. Na mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, akawa mwasisi na mwenyekiti wa kwanza wa CHADEMA. Mtu huyu wa soko huria alitumia sehemu kubwa ya umri wake kujenga vitu ambavyo soko peke yake halivijengi: sarafu inayoaminika, benki kuu, utaratibu wa kodi, na uwanja wa siasa wenye zaidi ya sauti moja.

Ni nini kilichompa ujasiri wa kumkatalia mtu aliyeheshimiwa kuliko wote nchini? Nadhani ni kwamba aliona, kutoka dirisha la Hazina, jinsi bei ya uongo inavyowaumiza walewale inaodai kuwalinda. Kiwango rasmi cha shilingi kilipokuwa juu kuliko thamani yake, mkulima wa kahawa wa Mbozi au Ileje alilipwa shilingi chache kwa kila dola ambayo kahawa yake iliingiza nchini. Mwenye kibali cha kuagiza bidhaa kutoka nje, kwa upande mwingine, alizipata dola hizo kwa bei ya chini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkulima anamchangia mwenye kibali, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yalikuwa malipo ya kweli, yakitoka kwa mtu wa jembe kwenda kwa mtu wa karatasi, na yalipita ndani ya namba moja ambayo wengi hawakujua kuisoma. Anayesema kwamba kuilinda namba hiyo kulikuwa kuwalinda maskini lazima aeleze ni maskini yupi.

Yaliyofuata yanakumbukwa na kila Mtanzania aliyekuwa mtu mzima wakati huo. Tume ya Bei ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipanga bei za bidhaa nyingi sana, na bidhaa zenyewe zikazidi kuadimika. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, khanga na betri za redio zikawa vitu vya foleni, au vitu vya kumjua mtu. Bei halali ilikuwa nafuu, ila kilichouzwa kwa bei hiyo hakikuonekana. Mpakani kwetu magendo yakawa njia ya kawaida ya kupata mahitaji. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, kiongozi ambaye uadilifu wake watu wanausifu hadi leo, aliongoza msako mkali wa wahujumu uchumi na walanguzi, na sheria maalumu ikatungwa. Bidhaa zilizofichwa zilifichuliwa, watu walikamatwa, lakini maduka hayakujaa. Hayakuweza kujaa, kwa kuwa mlanguzi, pamoja na dhambi zake, hakuwa chanzo cha uhaba. Alikuwa akiishi ndani ya pengo kati ya bei ya kweli na bei ya amri, na pengo lilibaki palepale. Hata mtu mwadilifu kuliko wote hawezi kutibu kwa polisi ugonjwa ulioanzia kwenye namba.

Dini zetu zililiona jambo hili mapema kuliko wanauchumi. Katika mapokeo ya Kiislamu imesimuliwa kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume Muhammad wakimwomba azipange, naye akakataa, akieleza kwamba mwenye kubana na kukunjua riziki ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye hataki kukutana na Mola wake huku mtu yeyote akimdai haki iliyodhulumiwa ya damu au ya mali. Hofu hiyo inafundisha: mwenye madaraka anaweza kudhulumu kwa kalamu kama vile mwizi anavyodhulumu kwa panga. Katika Biblia, Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kupotosha mizani ili wawanunue maskini, na ndani ya Kurani kuna sura nzima yenye jina la wale wanaopunja vipimo. Kosa linalokemewa katika vitabu vyote viwili ni uongo wa kipimo. Na fedha ni kipimo. Serikali inayoitangaza shilingi kuwa na thamani isiyokuwa nayo inafanya kwa taifa zima kile ambacho mwenye duka anafungiwa duka lake kwa kukifanya kwenye kilo ya sukari.

Hata hivyo, mapokeo hayohayo hayakuishia hapo, na mtetezi wa soko akiyanukuu ayanukuu yote. Ibn Taymiyya, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1328, alifundisha kwamba mtawala anaruhusiwa kuingilia bei pale wauzaji wanapohodhi chakula au kula njama dhidi ya watu, kwa sababu hapo bei haitokani tena na riziki kubanwa bali na mkono wa mtu. Thoma wa Akwino, karne ya 13, aliuliza kuhusu mfanyabiashara anayefikisha nafaka mahali penye njaa akijua kwamba wengine wenye shehena wako njiani nyuma yake: je, analazimika kuwaambia wanunuzi? Jibu lake lilikuwa kwamba haki haimlazimishi, anaweza kuuza kwa bei anayoikuta, lakini angekuwa mwema zaidi kama angesema au kupunguza bei. Mwanafalsafa huyo alitenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya kila siku: lisilo dhuluma, na lililo jema. Bei ya kweli inatuvusha daraja la kwanza tu. La pili tunavuka wenyewe.

Sasa nizikabili hoja za upande wa pili, kuanzia ile nzito ya Mwalimu. Katika hotuba ya Mwaka Mpya wa 1980 kwa mabalozi, aliuliza ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa lilipata kuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Swali hilo halijazeeka. Tanzania haikufika pale kwa uzembe wake peke yake: mafuta yalipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ambayo hatukuianzisha, inakadiriwa iligharimu dola milioni 500, na akiba ya fedha za kigeni iliyotokana na bei nzuri ya kahawa ya mwaka 1977 iliyeyuka baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji, kwa ushauri uliotoka pia kwenye mashirika yaleyale ya Washington. Mtu aliyekwisha kuumizwa na ushauri ana sababu ya kuushuku unaofuata. Naikubali hoja hii inapohusu hukumu: wageni hawana haki ya kutuamulia shule ipi ifungwe na dawa ipi ilipiwe. Siikubali inapohusu ushahidi. Anayetwambia kwamba shilingi imeshuka anaweza kuwa na nia mbaya, na shilingi ikawa imeshuka kweli. Uhuru wa nchi ni uhuru wa kuamua la kufanya mbele ya ukweli, na wenye mamlaka ya kuubadili ukweli wenyewe bado hawajazaliwa. Kilichotokea kinathibitisha hivyo. Shilingi iliyolindwa isishushwe mwaka 1979 ilishushwa kidogokidogo katika miaka iliyofuata, na mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ikashushwa kwa mkupuo hadi kufikia 40 kwa dola. Tulilipa deni lote, pamoja na riba ya miaka ya kuadimika kwa kila kitu.

Hoja ya pili inatoka kwetu milimani, na kwangu ndiyo ngumu kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Ileje, mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam, alilipwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, sawasawa na mkulima wa Morogoro, na mbolea ilimfikia kwa bei ya ruzuku. Kwa mizani ya soko hilo lilikuwa kosa, kwani gharama ya kuyasafirisha mahindi yake ilifichwa. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa: Nyanda za Juu Kusini, mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, zikawa ghala la taifa. Walioishi pembezoni walihesabiwa kuwa ndani ya nchi. Soko lingewaambia kwamba wako mbali mno. Bei moja iliwaambia kwamba umbali wao ni jambo la Watanzania wote. Mtu wa Itumba akiambiwa kwamba sera ile ilikuwa uongo, ana haki ya kujibu kwamba uongo ule ulimsomeshea watoto.

Jibu langu ni kwamba kilichokuwa kizuri katika sera ile ni huruma yake, na kilichoiangamiza ni kufichwa kwake. Kumsaidia mkulima wa mbali ni hukumu ya haki, na taifa linaweza kuitoa kichwa juu. Lakini kwa kuwa msaada ulizikwa ndani ya bei, hakuna mwaka ambao Bunge lilikaa likasema: hiki ndicho tunachomlipia mkulima wa Ileje, hiki ndicho kinachotokana nacho, na hawa ndio wanaochangia. Gharama ilijilimbikiza katika madeni ya NMC hadi shirika likashindwa kubeba. Wakati wa mageuzi ulipofika, msaada uliokuwa hauna jina kwenye kitabu chochote uliondolewa bila mtu kuulizwa, na ruzuku ya mbolea ikafuata katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Mkulima wa milimani hakupoteza bei nzuri tu, alipoteza pia nafasi ya kujitetea, kwa sababu alichokuwa akipewa hakikuwahi kutajwa hadharani kuwa haki yake. Kinachotolewa kwa siri huondolewa kwa siri. Huruma iliyoandikwa kwenye bajeti inaweza kubishaniwa, kupunguzwa au kuongezwa, lakini ina watetezi na ina kumbukumbu.

Hapa ndipo ninapowalaumu watetezi wa soko waliokuja baada ya 1986, kwa uzito uleule niliowalaumu waliowatangulia. Wao walimfungua shahidi mdomo, wakamkalisha pia kwenye kiti cha hakimu. Zama za ruksa, za Rais Mwinyi, zilirudisha sabuni na nguo madukani, na hiyo ilikuwa nafuu ambayo hakuna mwenye haki atakayeikana. Lakini ada zikarejeshwa mashuleni, wagonjwa wakaanza kuchangia gharama za matibabu, na idadi ya watoto wanaoandikishwa shule ya msingi, iliyokuwa imepanda sana chini ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ikashuka, hadi ada hizo zilipofutwa mwaka 2001. Kosa la kifalsafa lililo nyuma ya hayo ni kudhani kwamba bei inapima haja ya watu. Bei inapima haja yenye fedha mkononi tu. Amartya Sen, katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, alionyesha kwamba katika njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943 chakula hakikuwa kimetoweka nchini. Watu walikufa kwa kuwa kipato chao hakikuweza kukifikia. Soko lilisema kweli kuhusu wenye kununua, na wasio na kitu hawakuhesabiwa katika kweli hiyo. Shahidi mkweli anaweza kuwa hajawaona wote waliokuwepo. Ni kazi ya mahakama kuuliza nani hakuonekana.

Hoja ya tatu inasema kwamba soko lenyewe nalo ni la uongo, na ushahidi wake uko kwenye kila mnada wa mazao. Lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kichwa juu ya mdomo wake, ni mfano unaojulikana na kila mkulima: linaitwa gunia moja, linalipwa kama gunia moja, na ndani yake kuna zaidi ya gunia moja. Mnunuzi anayefika msimu wa njaa na kulinunua shamba la kahawa likiwa bado kwenye maua anatumia shida ya mwenzake kumpangia bei. Wanunuzi wachache wanaoafikiana kabla ya kufika kijijini hawana tofauti na tume ya bei, isipokuwa wamejiteua wenyewe. Haya ni kweli tupu. Lakini tukiyatazama vizuri, yanaitilia nguvu hoja yangu: lumbesa inatuudhi kwa sababu ni ushahidi wa uongo, na dawa yake ni mizani ya kweli, wakala wa vipimo asiyehongwa, na wanunuzi wengi wanaoshindana. Tunapotaka mazao yapimwe kwa kilo, au yauzwe kwa mnada wa wazi kupitia stakabadhi ghalani, tunaidai kweli kutoka kwa soko kama Mtei alivyoidai kutoka kwa serikali. Soko huria lisilo na mizani ya haki halina uhuru wa kutosha ndani yake.

Mazoea ya zamani hayajatuacha. Katikati ya mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, kwa nia inayoeleweka ya kulinda chakula cha nyumbani na kuvilisha viwanda vya kusaga. Bei ilianguka mashambani, na wakulima wa mikoa hii, waliokuwa wameshaweka mbolea na vibarua, wakabaki na mavuno yasiyorudisha gharama. Aprili 2025, baada ya Malawi kuzuia baadhi ya mazao yetu, Tanzania nayo ilizuia mazao ya Malawi, kabla ya zuio hilo kuondolewa muda mfupi baadaye. Wachuuzi wa Isongole na wa Kasumulu, kituo kingine cha mpaka huohuo, walibaki katikati ya mvutano huo. Katika mkasa wa mwaka 2017 swali la maadili ni lilelile la 1979. Kama wakazi wa mijini wanahitaji unga wa bei nafuu, na pengine wanauhitaji kweli, basi taifa zima liwanunulie, kupitia kodi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ununue mahindi kwa bei inayomstahi mkulima. Mpaka ukifungwa, unga nafuu wa mjini unalipiwa na mkulima wa Ileje peke yake, ambaye mara nyingi ni maskini kuliko anayemlisha, na hakuna stakabadhi anayopewa kwa sadaka hiyo aliyotozwa.

Linabaki suala la kujiuzulu kwenyewe. Wapo wanaosema kwamba Mtei hakupaswa kuondoka: waziri ni mtumishi wa Rais, uamuzi ukishatolewa unatekelezwa, na anayekimbia wakati wa dhiki anawaachia wenzake mzigo. Hoja hii ina heshima yake. Lakini tukumbuke kujiuzulu kwingine: Januari 1977 Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliachia ngazi kwa sababu ya mauaji yaliyotokea Shinyanga na Mwanza mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini yake, ingawa hakuyatenda wala kuyaamuru. Mwinyi alijiuzulu kwa kuwajibika juu ya kosa lililokwisha kutendeka. Mtei alijiuzulu kwa kukataa kutia saini kosa ambalo aliamini lingetendeka. Cheo si chao, walilifahamu hilo wote wawili, na nchi iliwafaidi zaidi kwa kuondoka kwao kuliko ambavyo ingewafaidi kwa kung'ang'ania kwao. Mtei angeweza kubaki na kutetea hadharani namba asiyoiamini, au kubaki na kuihujumu chinichini. Alichagua njia ya tatu, inayomgharimu mtu cheo na kumwachia ulimi wake. Waziri wa fedha anayesema asichokiamini ni kipimo kingine kilichopotoshwa. Na Mwalimu naye anastahili sifa, kwamba mtu aliyempinga katika jambo kubwa kiasi hicho aliweza kwenda shambani kwake salama, kisha akarudi kuitumikia Afrika.

Kwa hiyo jibu la swali nililoanza nalo ni hapana. Hakuna serikali, hata yenye nia njema kuliko zote, yenye haki ya kuwaficha watu gharama ya huruma yake, kwa sababu gharama iliyofichwa humwangukia asiye na sauti, na msaada uliofichwa hauna wa kuutetea. Lakini hapana hiyo haiwapi ushindi wanaotaka tuliachie soko kila kitu. Kwa kweli inatuongezea kazi. Bei ikiachwa iseme, hatuna tena mahali pa kujificha: tukiona mbolea ni ghali kwa mkulima wa milimani, ni sisi tutakaoamua kumchangia au kumwacha, mbele ya macho ya wote, kwa fedha zilizoandikwa na kukaguliwa. Wabunge wa mikoa ya pembezoni wangepaswa kwenda Dodoma wakidai hilo: barabara, maghala, mizani ya haki, ruzuku yenye tarakimu zinazosomeka, na mpaka usiofungwa juu ya mgongo wa mkulima. Anayemwambia maskini ukweli kisha akamwacha ametimiza nusu ya wajibu wake. Anayemsaidia kwa uongo naye ametimiza nusu, na nusu yake haidumu. Haki inataka vyote viwili kwa mkono mmoja, na taifa lililowahi kuwa na Nyerere na Mtei katika baraza moja halina udhuru wa kuchagua kimoja.